Mbwa wetu mpya hali chakula mbele yetu: jibu kwa msomaji wa Goba

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 5 na 8, tunaishi Goba, Dar es Salaam. Wiki iliyopita tulichukua mbwa jike aliyeokolewa mtaani. Waliotukabidhi wanamkadiria miaka miwili, ana kilo 12 hivi, na tumemwita Popi. Leo ni siku ya sita na ulaji wake unanitia wasiwasi. Nikimwekea wali na nyama anakuja, ananusa, ananitazama, kisha anarudi zake chini ya ngazi. Asubuhi nakuta kapunguza kidogo. Juzi kijana wa getini alimtupia kichwa cha samaki, akakibugia chote, haikupita muda akakitapika. Jana mwanangu mdogo kasogelea bakuli, akangurumiwa. Mama mkwe anasema nimwache ashinde na njaa, ikimkolea atakula mwenyewe. Mume wangu anataka tukanunue biskuti za mbwa. Nani yuko sahihi, na mimi nifanye nini?"

Dada yangu, umeandika jambo moja ambalo wengi hawaliangalii: kwamba Popi anakuja, ananusa, anakutazama, ndipo anaondoka. Mbwa aliyepoteza hamu ya kula haji kabisa. Au akija, anageuza uso pembeni, analamba midomo na kumezameza mate kwa sababu ya kichefuchefu. Mwenye maumivu ya mdomo naye huja kwa haraka, akachukua tonge, akalidondosha, akajaribu tena kwa kutafunia upande mmoja huku kichwa kimelala. Popi hafanyi hayo. Chakula anakitaka, na usiku nyumba ikitulia anakifuata. Kinachomzuia mchana ni woga.

Hilo ndilo jibu langu, ila lina sharti. Katika jiji hili simwambii mtu kwamba mbwa wake wa kutoka mtaani ana woga tu kabla damu ya mbwa huyo haijaangaliwa. Kwa hiyo wiki hii mna kazi mbili: kumpima, na kumpatia mahali pa kulia kwa amani. Suala la wali au biskuti, ambalo naona ndilo mnalobishania hapo nyumbani, linakuja baada ya hayo.

Nianze na ushauri wa mama mkwe, maana najua si rahisi kumpinga mama bila kuwa na sababu mkononi. Mbwa mnene, mwenye afya, aliyezoea kuringia chakula, akikosa mlo mmoja hadhuriki. Popi si wa aina hiyo. Mbwa aliyekulia kwenye majalala anaijua njaa kuliko sisi sote, haitamfundisha jambo jipya. Tena mwili ukiwa na hofu kubwa unapeleka damu kwenye misuli ili ukimbie, na tumbo linapunguza kazi. Ukimnyima chakula, unamwongezea wasiwasi palepale kwenye wasiwasi, na unampa sababu ya kukipigania kile kidogo anachokipata. Huko kunguruma kwa jana kutazidi. Lakini mama ana hoja moja ya kweli, mpe haki yake: kumfuatafuata mbwa na sahani, kumbembeleza, kumbadilishia chakula kila baada ya saa mbili, hakusaidii. Mbwa mwoga anayekodolewa macho wakati wa kula anajiona anawindwa.

Mbwa mzima asiyetia chochote mdomoni kwa saa 48 apelekwe kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu. Mtoto wa mbwa usimngoje hivyo, nusu siku inatosha kukushtua. Na kama kuna kutapika mara kwa mara, kuhara, damu kwenye kinyesi, kulegea, au hanywi maji, nenda siku hiyohiyo. Maji ndiyo ya kuangalia kwanza: mbwa wa kilo 12 anahitaji kama nusu lita na ushei kwa siku, na kwa joto letu la Desemba hadi Machi anahitaji zaidi. Jaza bakuli la maji asubuhi mpaka mahali unapopajua, uone jioni limefika wapi.

Sasa damu. Adui mkubwa wa mbwa wa Pwani ni kupe, hasa yule mdogo wa rangi ya kahawia anayekaa kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda. Kupe huyu anaweza kumwachia mbwa bakteria aitwaye Ehrlichia canis, au vijidudu vya babesia vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Yote mawili huanza na dalili ambayo mwenye mbwa anaisema hivihivi: "Hataki kula." Erlikia ina ujanja wake. Mbwa anaugua kidogo wiki chache baada ya kuumwa na kupe, anaonekana kapona, kisha ugonjwa unakaa kimya ndani ya mwili kwa miezi, hata miaka, ukingojea mwili udhoofike. Kuhamishwa nyumba, kupandishwa gari, kukutana na watu na harufu ngeni, ni mzigo wa kutosha kuuamsha. Ndiyo maana mbwa aliyekuwa akila vizuri kwa waliomwokoa anaweza kufika kwako akagoma.

Fanya hivi leo, akiwa ametulia. Inua mdomo wa juu kwa kidole uangalie ufizi, ikiwa tu anakubali bila kukaza mwili. Ufizi wa mbwa mzima ni wa waridi (wengine wana mabaka meusi ya kuzaliwa, hayo yaache). Ubonyeze kwa kidole, utageuka mweupe, kisha rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ufizi uliopauka kama karatasi, au wenye manjano, ni safari ya daktari siku hiyohiyo. Angalia na mkojo: ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, usiseme ni kwa sababu hajanywa maji, inaweza kuwa damu iliyopasuliwa na babesia. Kutokwa damu puani bila kugongwa kokote nako ni dalili ya erlikia. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo mwili wake kuwa wa moto kuliko wako hakumaanishi ana homa. Ikivuka 39.5 akiwa amepumzika kivulini, hapo ndipo pana homa.

Hata kama hayo yote ni mazuri, mpeleke akatolewe damu. Mwombe daktari aangalie tone la damu kwenye hadubini, apime wingi wa damu, na apime kinyesi kwa ajili ya minyoo. Safura wa mbwa wananyonya damu utumboni, na mbwa mwenye kupe na safura kwa pamoja anaishiwa haraka. Daktari wako akihitaji maabara kubwa, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania uko hapahapa jijini, Temeke. Erlikia ikionekana, dawa yake ya kawaida ni doksisaiklini na hutolewa kwa siku 28. Msiikatishe siku ya kumi kwa kuwa Popi kachangamka. Tena kidonge hicho kisimezwe kikavu: kikikwama kooni kinachoma, na mbwa aliyechomwa koo ataacha kula upya, nanyi mtadhani ugonjwa umerudi. Kifuatishe na chakula au maji. Babesia ina dawa yake nyingine, ndiyo maana sipendi watu wanaokwenda duka la dawa za mifugo kuomba "sindano ya homa ya kupe" bila kupima.

Wakati mnangoja, msimpe dawa za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Panadoli nayo ina madhara yake kwenye ini na damu. Jambo jingine muulize huyo kijana wa getini, au waliowakabidhi: je, aliogeshwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe? Baadhi ya dawa hizo, zikichanganywa kali, zinamfanya mbwa awe msinziaji, mapigo ya moyo yashuke na chakula asikitamani. Daktari asipoambiwa hatalijua hilo kwa kumtazama tu.

Kuna onyo moja ambalo nalirudia popote ninapozungumzia mbwa asiyekula. Kama siku yoyote utamwona Popi anatoa mate mengi, taya limelegea, anajaribu kumeza akashindwa kama aliyekwamwa na mfupa, au tabia imebadilika ghafla, usiingize mkono mdomoni kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa huanza hivyo pia. Mfungie mahali, weka watoto mbali, piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Popi wa sasa, kwa maelezo yako, hana dalili hizo. Ila waulize waliowakabidhi cheti cha chanjo, na kama hakipo, achanjwe mara tu daktari akiridhika na afya yake, kisha kila mwaka.

Tukishamaliza ya damu, turudi chini ya ngazi, maana hapo ndipo penye kazi yenu hasa.

Fikiria unavyompa chakula. Unabeba bakuli, unamwendea ana kwa ana, unainama, unaliweka chini, unabaki umesimama kumwangalia. Kwako huo ni upendo. Kwa mbwa aliyekulia mitaani ya Dar es Salaam, mtu anayemjia moja kwa moja kisha akainama anaokota jiwe. Siku ukipita mahali penye mbwa wa mtaani, angalia: ukiinama kufunga kamba ya kiatu, wanatawanyika. Popi ana miaka miwili ya somo hilo na siku sita tu za kwako. Ufagio nao una somo lake, kwa hiyo dada wa kazi asifagie karibu na ngazi wakati wa chakula, na asimfukuze jikoni kwa kuuinua.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Chakula kiwekwe Popi akiwa hayupo pale, ametolewa uani au amelala. Kikae hatua mbili tatu kutoka pale chini ya ngazi alipopachagua mwenyewe, si ndani kabisa ya kona. Mbwa mwoga hula vizuri akiwa na ukuta nyuma yake, anaona mlango, na ana njia ya kutokea. Sufuria ya bati iacheni. Inateleza kwenye vigae, inagonga ukuta, na mlio huo tu unatosha kumrudisha mafichoni. Chukua sahani pana ya plastiki au sinia, tandika kitambaa chenye unyevu chini yake lisisogee. Kama sisimizi ni wengi, na kwa nyumba zetu huwa ni wengi, weka sahani juu ya kitu kilichosimama kwenye beseni lenye maji kidogo. Nimeona mbwa wengi wanaosemwa wanachagua chakula, kumbe wanaumwa puani na sisimizi.

Saa nazo zina maana. Mchana wa jua kali hakuna mbwa anayekula kwa raha. Mpe alfajiri, kabla pilika za shule hazijaanza, na saa mbili usiku watoto wakishaingia ndani. Weka, ondoka, usigeuke kumtazama. Mlo wa asubuhi uondolewe baada ya nusu saa hata kama haujaguswa, bila kumsemesha. Wa usiku uache mpaka mnapokwenda kulala, kwa kuwa ndiyo saa aliyoizoea. Lakini mlo huo usilale nje hadi asubuhi. Chakula kilicholala uani kinaita panya, na mkojo wa panya una vimelea vya leptospira vinavyoua mbwa na kuambukiza watu. Akimaliza sahani ya usiku siku tatu mfululizo, iwahishe kwa nusu saa, kisha tena, mpaka ufike jioni ya kawaida. Wengi wanafika hapo ndani ya wiki tatu hivi. Wengine wanahitaji miezi, na si kosa la mtu.

Usimlishe kwa mkono kwanza. Najua unaambiwa ndiyo njia ya kujenga mapenzi, na kwa mbwa aliyetulia ni kweli. Kwa mwoga, mkono wenye nyama unamvuta na kumsukuma kwa wakati mmoja: njaa inamleta kwenye kitu anachokiogopa, na akishameza anashtuka kujikuta karibu nacho kiasi kile. Badala yake, ukiwa katika shughuli zako, pita mbali kidogo na anapolala, dondosha kipande cha kuku kilichochemshwa ukubwa wa ncha ya kidole, endelea na safari yako. Usisimame, usiseme neno. Ndani ya siku chache utaona masikio yanainuka akisikia hatua zako. Siku atakayotoka chini ya ngazi kukungoja ndiyo siku ya kuanza kusimama kidogo.

Wageni wapunguzwe. Majirani watataka kuja kumwona, watoto watataka kuwaonyesha wenzao. Wasubiri. Kuogeshwa nako kusubiri, kupe watolewe mmoja mmoja kwa kibanio kilichoshika karibu na ngozi, kwa kuvuta polepole bila mafuta ya taa. Na banda au kona anayolala inyunyiziwe dawa akiwa mbali, kwa kuwa kupe jike mmoja hutaga maelfu ya mayai ukutani. Mkimsafisha mbwa mkaliacha banda, hamjafanya kitu.

Nimeona umetaja kijana wa getini, na hapo naomba mkae kikao. Nyumba zetu zina mikono mingi: mlinzi anatupa kichwa cha samaki, watoto wanagawa chapati, dada anamwaga ukoko, jirani anapitisha mifupa juu ya ukuta. Kisha jioni mama analia mbwa hali. Kwa mwezi huu mtu mmoja tu ndiye amlishe, na wengine waambiwe kwa heshima. Kama dada wa kazi ni Muislamu na hapendi kugusa mate ya mbwa, asilazimishwe. Sahani ya Popi iwe na dodoki lake na ioshewe bomba la nje na yule anayemlisha. Mtu anayelazimishwa humalizia hasira zake kwa mnyama, na mnyama anaitambua.

Kile kichwa cha samaki alichotapika hakinitishi sana. Alikimeza kizima, kikarudi kizima. Chakula kinachorudi palepale bila tumbo kukaza, hakijasagika, mara nyingi ni cha kubugia. Cha kutapika kweli hutanguliwa na tumbo kukwea na kushuka, mate, na hutoka na maji ya njano. Ukiona hicho cha pili zaidi ya mara moja kwa siku, ni daktari. Kwa kubugia, tandaza chakula chembamba kwenye sinia zima ili ale kwa kulamba, na weka jiwe kubwa safi katikati alizunguke, kubwa kiasi kwamba hawezi kulimeza. Vichwa vya samaki visitupwe tena, wala mifupa iliyopikwa ya aina yoyote. Mfupa ukishapikwa unavunjika vipande vyenye ncha, na nimefungua matumbo ya kutosha kulisema hili bila kulipamba.

Kuhusu mtoto aliyengurumiwa, nakuomba usikubali mtu yeyote ampige Popi kwa lile. Kunguruma ni lugha ya onyo. Mbwa aliyepigwa kwa kuonya anajifunza kutoonya, na siku nyingine anauma kimya. Sheria iwe moja na isiyo na mjadala: Popi akila, watoto hawako upande ule wa nyumba. Wazuie kwa mlango, si kwa maneno, maana wa miaka 5 anasahau. Wala wewe usimtie mkono kwenye sahani "kumzoesha," wala usiinyanyue akiwa bado anakula. Baadaye, akishakula mchana bila hofu, mtu mzima apite mbali na sahani na kurushia humo kitu kitamu zaidi ya kilichomo, siku kwa siku akikaribia. Hapo anajifunza kwamba binadamu akija, chakula kinaongezeka. Ikitokea jino limegusa ngozi ya mtoto, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mwende hospitali siku hiyohiyo kuuliza chanjo. Mbwa kuwa na cheti hakuwaondolei hiyo safari.

Sasa chakula chenyewe. Mpapase mbavu. Zikihisiwa chini ya ngozi yenye nyama kidogo, yuko sawa. Zikionekana kwa mbali, na mifupa ya nyonga na ya mgongo imesimama, huyo amedhoofika, na hapo haraka inaua. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa ghafla wanga mwingi, madini ya fosfeti na potasiamu kwenye damu yanashuka kwa kasi na moyo unaweza kusimama. Mbwa wa kilo 12 akipumzika anatumia takriban kilokalori 450 kwa siku. Aliyedhoofika sana aanze na robo hadi theluthi ya hizo, zikigawanywa mara nne, akipandishwa taratibu kwa siku nne hadi tano, chini ya macho ya daktari. Kwake nyama, yai na dagaa vitangulie, wali uwe kidogo. Yai moja lina kama kilokalori 70, kwa hiyo unaona siku ya kwanza ni chakula kidogo kuliko huruma yako inavyotaka.

Kama Popi ni mwembamba wa kawaida tu, mpe wali laini au ugali uliopoa pamoja na kuku wa kuchemsha au dagaa, protini ikaribie nusu ya sahani. Chakula kiwe na uvuguvugu, maana harufu ndiyo inayomwita mbwa, si ladha. Dagaa wa Mwanza wa kukaushwa juani ni chakula kizuri, kina protini na mifupa yake laini inatoa kalisi. Wachambue mchanga, waoshe kwa maji ya moto, na usinunue waliotiwa chumvi. Mchuzi wa mifupa unaruhusiwa ukishachujwa, lakini usiwe ule uliobaki mezani. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, vinapasua chembe nyekundu za damu, na Popi huenda tayari ana kupe waliofanya kazi hiyo. Vidonge vya kukolezea mchuzi vina unga huo pamoja na chumvi. Maini ni mazuri kama chambo, kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki.

Naomba usiwe mmoja wa wanaonunua "unga wa mbwa." Nazungumzia mahindi yaliyooza au kuvunda, pumba zilizolowa, unga uliopanda ukungu, ambavyo vinauzwa bei ya chini kwa kuwa binadamu hawezi kuvila. Ukungu huo una sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ini la mbwa linaihimili vibaya. Kupika hakuiondoi. Dalili yake ya kwanza ni mbwa kukataa kula, kisha kutapika, kisha fizi na macho kuwa ya manjano, na mara nyingi mwenye mbwa anakuwa amemwaga tena bakuli jingine la sumu akimbembeleza ale. Unga wa Popi uwe unga mnaosongea ugali wenu.

Biskuti anazozitaka mume wako hazina ubaya, tena zikiwa na maelezo kwamba ni mlo kamili zinakupunguzia hesabu nyingi. Ila zisije wiki hii. Mbwa wa kutoka mtaani huenda asijue kwamba biskuti hizo ni chakula, na tumbo lenye wasiwasi likibadilishiwa ghafla linaharisha, kisha hutajua kama ni biskuti, minyoo au parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa. Akishatulia katika wali na dagaa, changanya robo ya biskuti zilizolowekwa kwa maji ya vuguvugu, ongeza polepole kwa siku saba hadi kumi. Kama unapimiwa kwa kilo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, nusa kwanza: mafuta yaliyoharibika yananuka kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa. Zihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, unyevu wetu hauzipi muda.

Mpime uzito kila Jumapili. Panda mzani ukiwa umembeba siku atakapokubali kubebwa, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Kabla ya hapo tumia kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, weka fundo pale inapokutana, uilinganishe wiki ijayo. Akipungua wiki mbili mfululizo ilhali sahani inarudi tupu, mrudishe kwa daktari na kinyesi cha asubuhi kwenye kichupa safi, kilichookotwa kabla hakijapigwa na jua.